Nusu Wati Inatosha

Geuza sabufa yako usome nyuma. Kwenye boksi ililokuja nalo imeandikwa wati 3,000, pengine 5,000, na pembeni yake herufi nne ndogo: PMPO. Nyuma, pale unapotokea waya wa umeme, kuna kibandiko ambacho wauzaji hawana haja ya kukuonyesha. Hapo utakuta kitu kama volti 12, ampea 2. Zidisha: wati 24. Huo ndio umeme wote unaoingia, na hakuna mashine inayotoa mfululizo zaidi ya inachokula. Zile elfu tatu ni hesabu za dukani.

Nimefundisha fizikia sekondari hapa Morogoro mpaka nikastaafu, na hadi leo watu hunisimamisha njiani: "Shikamoo Mwalimu. Eti hii ina wati ngapi?" Marahaba, nawajibu, lakini ulizeni kingine. Sikio halihesabu wati moja moja. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu anaitambua bila kushtuka. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, inatakiwa nguvu ya takribani mara kumi. Aliyetoka wati 20 akanunua 40 amelipia desibeli tatu.

Sasa chukua spika ya kawaida. Viwandani huipima kwa kuipa wati moja na kuweka kipimo umbali wa mita moja. Spika nyingi za nyumbani hutoa hapo desibeli 85 hadi 90. Maongezi ya sebuleni ni karibu 60. Wati moja tu, na tayari inabidi mgeni wako apaze sauti. Ndiyo maana amplifaya ninayoisikiliza jioni, niliyoijenga kwa mikono yangu, inatoa kama nusu wati, na aghalabu siifungulii yote.

Moyo wake ni chipu iitwayo LM386, kijidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ilibuniwa kwa vyombo vidogo vya betri kama redio, na isipopewa sauti inakula miliampea 4 hivi tu. Hasi ya betri inaingia mguu wa 4, chanya mguu wa 6. Sauti inaingia mguu wa 3 kupitia volyumu ya kilo-omu 10, mguu wa 2 unafungwa kwenye hasi, na muziki unatokea mguu wa 5. Kwa kuwa simu inayotuletea muziki ina kulia na kushoto na sisi tuna mlango mmoja, kila upande upitishe kwenye rezista yake ya kilo-omu 1 kabla ya kuwakutanisha. Ukiunganisha nyaya hizo mbili moja kwa moja, pande mbili za simu zitakuwa zinasukumana.

Miguu ya 1 na 8 ndiyo inayowachanganya vijana. Ukiiacha wazi, chipu inakuza mara 20. Ukiweka kati yake kapasita ya mikrofaradi 10, inakuza mara 200. Kila mwanafunzi wangu alikimbilia 200. Simu tayari ina nguvu ya kutosha. Mara 20 inabaki na ziada. Hizo 200 zitakukuzia na mchakarisho ambao ulikuwa umelala, na waya wa kuingizia ukiwa mrefu usishangae kumsikia mtangazaji wa redio ambaye hukumwalika.

Mahali pa kutumia akili zaidi ni kapasita inayosimama kati ya mguu wa 5 na spika. Mguu huo, hata muziki ukinyamaza, unakaa kwenye nusu ya volti za betri, yaani volti 4.5 kama betri ni 9. Umeme huo tuli haufai kufika kwenye spika, kwa hiyo kapasita inauzuia na kuruhusu mtikisiko wa muziki peke yake. Michoro mingi inaweka mikrofaradi 220 au 250. Fanya hesabu kwa spika ya omu 8: ukiwa na 220, sauti zote zilizo chini ya mitetemo 90 kwa sekunde zinaanza kufifia. Uzi mzito wa gitaa la besi unatetema mara 41. Besi yako imekatwa kabla haijafika kwenye spika, halafu utasema chipu ni mbovu. Weka mikrofaradi 1,000, chanya yake ikiangalia mguu wa 5, na mpaka unashuka hadi mitetemo 20. Hapohapo kwenye mguu wa 5 ongeza rezista ya omu 10 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.047 kwenda hasi. Kazi ya jozi hii huisikii. Inazuia chipu isianze kupiga mluzi wa juu mno kwa sikio la binadamu, mluzi unaoichemsha bure.

Umeme nautoa kwenye betri sita za tochi zilizopangwa mfululizo, jumla volti 9. Siyo ushamba. Umeme wa nyumbani unabadilika mara 50 kwa sekunde, na adapta ya bei chee ikishaugeuza inaacha mngurumo unaoingia moja kwa moja kwenye muziki. Betri hazingurumi. Zikianza kuchoka, hata hivyo, amplifaya huweza kuanza kudunda pu-pu-pu yenyewe. Kapasita ya mikrofaradi 470 iliyofungwa karibu kabisa na mguu wa 6, kwenda hasi, husaidia kuituliza. Wenye sola nawaonya: betri ya sola inaitwa ya volti 12, lakini mchana ikichajiwa inapanda hadi 14 na ushee, na LM386 ya kawaida imeandikiwa mwisho 12.

Kabla ya kufunga boksi, gusa waya wa kuingizia kwa kidole. Spika ikinguruma, iko hai.

Fundi redio mmoja wa mtaani kwetu ananicheka. Anasema Kariakoo kuna bodi zilizokwisha kulehemiwa, zenye chipu ya PAM8403, volti 5 tu, wati 3 kila upande, na haipati joto. Ni kweli. Chipu hiyo haiukuzi umeme kwa kuubana na kuuachia. Inauwasha na kuuzima haraka mno, sehemu kubwa ya nguvu inafika kwenye spika na kidogo tu inapotea. Kwa anayetaka kusikiliza leo jioni, anunue. Ila hakuna cha kubadilisha pale, na mimi ninachopenda ni kubadilisha kapasita moja halafu nikae nisikilize nini kimeondoka.

Wapo waliokwenda upande wa pili kabisa. Mwaka 1969 Mwingereza John Linsley Hood alichapisha kwenye jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 10 yenye transista nne tu kila upande, na hadi leo watu wanaijenga. Transista zake za mwisho hazizimwi hata nukta moja, muziki uwepo usiwepo: kwa spika ya omu 8 zinakula volti 27 na ampea 1.2, yaani zaidi ya wati 30 kila upande, ili zitoe 10. Kinachobaki ni joto. Uingereza wakati wa baridi sina neno. Morogoro mwezi wa Januari, utasikiliza muziki huku umekaa barazani.

Lakini yote hayo yanashindwa na spika mbaya. Spika ya uchi, iliyoshikwa mkononi, inalia kama nzi kwenye kopo, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele inakutana na ile inayovutwa nyuma, na besi inajifuta yenyewe. Itobolee ubao. Hata kipande cha plaiwudi cha upana wa mkono kinaitenga mbele na nyuma, na boksi lililofungwa vizuri ni bora zaidi. Spika zangu nilizitoa kwenye televisheni zilizokufa. Ili kujua kama ni nzima, igusishe na betri moja ya volti 1.5 kwa kufumba na kufumbua: karatasi yake ikiruka na kusema "tap", iko sawa. Mita itakusomea omu 6 au 7 kwa spika iliyoandikwa 8, na hilo lisikutie shaka.

Ninachosikiliza ni cha hapahapa: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Rekodi nyingi za enzi hizo ni za sauti ya upande mmoja, kwa hiyo spika moja haipotezi kitu. Na hazikutengenezwa kutikisa madirisha. Kwenye sabufa besi inafura mpaka gitaa la pili linazama, lile linalocheza kwa unyenyekevu nyuma ya solo. Kwenye ubao wangu linarudi. Unasikia vidole vikihama, unasikia sauti za waitikiaji zikigawanyika, mmoja juu kidogo ya mwenzake.

Nusu wati ina mpaka wake, sikatai. Nje ya nyumba, kila umbali ukizidi maradufu, desibeli 6 zinaondoka, na kwenye shughuli ya kucheza ngoma uwanjani mtu akodi muziki. Kijana kinyozi jirani yangu, anayetumia sola, namjengea ya TDA2003. Ina miguu mitano, ilibuniwa kwa redio za magari, inavumilia volti 8 hadi 18, na kwa spika ya omu 4 inafika wati 6 volti zikiwa 14.4. Inataka bati nene la alumini la kupoozea. Nimelipata kwenye kikuza sauti cha zamani cha kanisani, na sasa natafuta keekee ya kulitoboa.