Miguu ikifura, usikimbilie tembe za kutoa maji

JE, viatu vilivyokutosha asubuhi hukubana jioni? Unapovua soksi, huacha alama kuzunguka mguu? Huenda majimaji yanakusanyika mwilini mwako.

Watu wengi wakiona miguu imefura huenda moja kwa moja hadi kwenye duka la dawa na kuitisha tembe za kutoa maji. Wengine hudai mgonjwa amekanyaga uchawi. Wote hupoteza wakati, kwa sababu kufura si ugonjwa bali ni dalili. Kinachopasa kutibiwa ni kile kilichosababisha dalili hiyo.

Maji hayo hutoka wapi?

Damu inapozunguka, maji kidogo hupenya kuta za mishipa midogo na kuingia katika nyama za mwili. Baadaye hurudishwa kwenye damu, mengine yakipitia mishipa ya limfu. Protini iitwayo albumini, ambayo hutengenezwa na ini, husaidia kuyazuia yasitoke ovyo. Utaratibu huu ukivurugika, maji hubaki nje ya mishipa.

Mahali panapofura humpa daktari fununu ya chanzo. Moyo ukidhoofika, maji hujaa miguuni, hasa jioni. Mgonjwa huishiwa na pumzi akipanda ngazi, na usiku hulazimika kuongeza mito ili apumue.

Figo zikiharibika, albumini huvuja kwenye mkojo. Kope na uso huvimba asubuhi, na mkojo hutoa povu jingi. Ini likijaa makovu kutokana na pombe au homa ya ini aina ya B, maji hujaa tumboni.

Huko Pwani kuna matende. Minyoo inayoenezwa na mbu huharibu mishipa ya limfu, na baada ya miaka mingi mguu hunenepa na ngozi ikawa ngumu.

Dawa pia zaweza kuleta tatizo hili. Amlodipini, inayotumiwa na wengi wenye shinikizo la damu, hufurisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Ikikutokea, usiache dawa kwa hiari yako. Mweleze daktari wako.

Usingoje kesho

Nenda hospitalini mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- Mguu mmoja tu umefura ghafla na unauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usiukande, kwani bonge hilo laweza kwenda hadi mapafuni na kuua.

- Mama mja mzito amevimba uso na mikono ghafla, anaumwa na kichwa sana au haoni vizuri. Shinikizo la 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba, pamoja na protini katika mkojo, ni dalili ya hatari inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba.

- Mtoto mdogo amefura miguu yote miwili. Huenda ni unyafuzi, unaotokana na utapiamlo. Mtoto huyu hapaswi kabisa kupewa tembe za kutoa maji.

- Kufura kunaambatana na shida ya kupumua au maumivu ya kifua.

Uchunguzi na matibabu

Daktari hubonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa. Kishimo kikibaki, hiyo ni ishara ya maji. Kisha hupima shinikizo la damu na mkojo. Kipimo cha mkojo ni rahisi na hufichua mengi kuhusu figo. Damu hupimwa kuona hali ya figo, ini na albumini. Ikibidi, moyo hupigwa picha kwa mawimbi ya sauti.

Matibabu hutegemea matokeo hayo. Mwenye damu iliyoganda hupewa dawa za kuzuia kuganda, naye mwenye moyo dhaifu hupewa za kuusaidia moyo. Tembe za kutoa maji, kama vile furosemidi, zina nafasi yake, lakini huondoa pia madini ya potasiamu. Potasiamu ikipungua mno, mapigo ya moyo huvurugika. Ndiyo sababu anayezitumia huhitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Nyumbani, punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Kumbuka kwamba chumvi imo pia katika soseji, vibanzi na vidonge vya kukolezea mchuzi. Ikiwa kazi yako ni ya kukaa au kusimama kutwa, tembea kidogo kila saa, na jioni ulale ukiwa umeinua miguu juu ya mito.

Uvimbe ukirudi kila siku, usizoee. Omba upimwe mkojo na shinikizo la damu kabla ya kununua tembe yoyote.