Huzuni ya Mama Humfikia Mtoto Tumboni?

Msomaji mmoja wa Kihonda, Morogoro, anayesubiri mtoto wake wa kwanza, ameniandikia kuhusu mkewe mwenye ujauzito wa miezi sita. Usiku halali, chakula anakisogeza pembeni, analia bila kusema kinachomliza. Kliniki amepimwa damu, mkojo na presha, vyote vizuri. Mama mkwe anasema mimba ndivyo zilivyo. Mwenye barua anataka kujua kama huzuni hiyo humfikia mtoto.

Inaonekana sehemu yake humfikia, na njia mojawapo inayoweza kupitia imechunguzwa. Orodha ya homoni za ujauzito naiacha. Nataka tukae kwenye kondo la nyuma, kwa kuwa kazi linayoifanya hapa ni ya ajabu na wachache wameelezwa.

Mtu akiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli kwenye damu. Mjamzito mwenye afya huwa nayo nyingi kuliko kawaida, na mwishoni mwa ujauzito mtoto mwenyewe huihitaji ili mapafu yakomae. Ikimfikia nyingi kabla ya wakati, huvuruga ukuaji. Basi kondo lina kimeng'enya kinachoidaka kotisoli ya mama inapopita na kuigeuza kuwa kotisoni, isiyo na makali yale. Wataalamu hukiita 11β-HSD2. Nilifikiria kukiita "kizimio", nikaona si sawa, maana kotisoni inaweza kurudishwa kuwa kotisoli. Kilichozimwa hapo ni nini? Nimechagua "kipoza". Ukali umepoa, maada yenyewe ipo.

Mkazi wa Morogoro ataelewa kipoza akilitazama Bwawa la Mindu. Maji yanayoshuka kutoka milimani huja na udongo, hasa masika, yanapokuwa mekundu kabisa. Yakipita kwenye chujio hutoka meupe, ingawa si kila chembe hunaswa. Mvua ya siku moja haileti shida. Ikinyesha wiki baada ya wiki juu ya mashamba ya mteremko yasiyo na matuta, tope huwa jingi, na chujio lenyewe huanza kuziba na kulegea kazini. Hapo bomba la nyumbani hutoa maji ya rangi, ingawa mwenye nyumba hajagusa chochote. Kipoza nacho hustahimili hofu ya siku moja. Wasiwasi wa kudumu unaweza kuongeza kotisoli na, inavyoonekana, hukipunguza kipoza chenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa London, akiwemo Vivette Glover, waliripoti kwamba makondo ya kina mama wenye wasiwasi mkubwa yalionyesha utendaji mdogo wa jeni inayotengeneza kimeng'enya hiki.

Lishe, vinasaba na malezi vina nafasi yake pia, na watoto wengi wa kina mama hao hukua vizuri.

Nchini kwetu, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa wajawazito 787 wa Dar es Salaam. Asilimia 39.5 walikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito inayodumu. Waliowahi kuugua sonona, waliokosa mahitaji ya msingi na waliogombana na wenzi wao ndio walioelemewa zaidi. Kisha kuna jambo ambalo sijaacha kulifikiria: walioanza kliniki mapema walikuwa na dalili hizo zaidi ya waliochelewa. Kwa hiyo mwenye mzigo mara nyingi ameshafika mbele ya nesi, kadi mkononi. Kinachokosekana ni swali. Presha hupimwa kila hudhurio. Usingizi na moyo wa mama navyo viulizwe kila hudhurio.

Na tiba ipo. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistani, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa mazungumzo ya kumsaidia mama kubadili mawazo yanayomwelemea, wakaanza kumtembelea kabla hajajifungua. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 na Atif Rahman na wenzake ni kwamba miezi 6 baada ya kujifungua, asilimia 23 ya kina mama hao bado walikuwa na sonona, dhidi ya 53 ya wenzao waliotembelewa na wahudumu wasiofundishwa. Wahudumu waliofundishwa hawakuwa madaktari wa akili.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kihonda, usingojee hudhurio lijalo. Nenda na mkeo kliniki, mwambieni nesi wazi kwamba halali, hali chakula na analia, kisha ombeni rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kama mkeo ni Mluguru, waite ndugu wa upande wa mama yake. Kwa desturi ukoo hufuata mama, nao wana haki ya kujua. Akitamka kwamba hataki kuishi, mpeleke leo hii hospitali, wala usimwache peke yake.