Pedi za Mtandaoni na Mteremko wa Munro Drive

Tuliohusika ni watatu, na tumekubaliana makala haya yaandikwe kwa "sisi" ili lawama igawanyike sawasawa. Kati yetu, mmoja ndiye mwenye mama, na mama ndiye mwenye gari. Ni Toyota Tazz nyeupe ambayo kila Jumanne na Ijumaa alfajiri huenda City Deep, kwenye soko kubwa la mboga na matunda la Johannesburg, na kurudi Yeoville imesheheni viazi, vitunguu na ndizi mpaka nyuma imelala. Kutoka hapo mama huwapelekea wateja wake majumbani, wengi wao wa Houghton. Kodi ya nyumba inatoka humo. Ada ya mwenzetu pia.

Mwezi wa nne breki zikaanza kulia. Mama akatoa R700, akasema, "Pelekeni gari kwa Papa aangalie." Papa ni fundi, Mkongo wa Lubumbashi anayefanya kazi uani, nyuma ya Rockey Street, na vijana wote wa mtaani humwita hivyo. Utaratibu wake ni ule ule wa mafundi wa kwetu: anafungua gurudumu, anaguna, anataja kinachotakiwa, kisha anakwenda dukani mwenyewe na kurudi na kipuri. Risiti huja, au isije.

Hapo ndipo ujanja wetu ulipoanzia. Sote tumekulia katika nyumba ambamo "cha juu" cha fundi ni mazungumzo ya mezani. Mtu wa Dar es Salaam atakusimulia alivyozungushwa Gerezani. Wa Nairobi ana kisa chake cha Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Fundi na mwenye duka wanakonyezana, bei inapanda. Sisi tuna simu. Kwa nini tumlipe mtu kwa kukonyeza?

Papa alisema pedi za mbele zimekwisha, seti moja ni R420. Usiku ule tukakaa maktaba, na badala ya kusoma isimu tukatafuta pedi. Tukazipata kwa R189, picha nzuri, boksi lenye jina la kampuni kubwa ya vipuri, nyota nne na nusu. Duka lile hatulitaji, na kwa kweli hata tungetaka kulitaja tusingejua tulitaje vipi, kama mtakavyoona.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza palepale, nasi tukairuka. Tovuti ilitaka tuchague aina ya gari, na Tazz haikuwemo. Haikuwemo kwa sababu Tazz ni gari la hapa hapa. Toyota ya Afrika Kusini iliendelea kuliunda Durban hadi 2006, kwa umbo la Corolla ya mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kwingineko duniani Corolla ilikwisha kubadilika zaidi ya mara moja. Kwa hiyo Tazz ya 2004 na Corolla ya 2004 zimetoka kampuni moja, lakini chini ya gurudumu hazijuani. Sisi tulisema si ndugu? Tukabonyeza Corolla, 2004, lipa.

Boksi lilifika siku ya tisa. Tukampelekea Papa kwa madaha. Akalifungua, akatoa pedi moja, akaikwaruza ukingoni kwa ukucha, akaitazama nyuma, akalinusa boksi. (Mpaka leo hatujui alikuwa ananusa nini.) Akasema, "Bana, hii plakete haiko muzuri. Siwezi kuitia ku gari ya mama." Alituonyesha kwamba chuma cha nyuma hakina namba yoyote ya kiwandani, kwamba maandishi ya boksi yamechapwa kwa wino uliovuja, na kwamba masikio ya pedi ni mapana kuliko nafasi yake kwenye breki.

Tulimshukuru kwa adabu, tukatoka, na mlangoni tukacheka. Tulijua kinachomuuma: amekosa cha juu. Hiki ndicho kipande cha habari hii ambacho tunaona haya kukiandika. Mtu aliyeifanya kazi hii kabla hatujazaliwa alituambia kwa mdomo wake kwamba kitu kile si salama, nasi tukasikia malalamiko ya bei.

Kijana mmoja anayefanya kazi kando ya sehemu ya kuoshea magari alikubali kuzifunga kwa R100. Masikio hayakuingia, kweli. Akachukua grainda, cheche zikaruka, akayapunguza upande mmoja na mwingine mpaka yakaingia. Mama tulimrudishia chenji ya zaidi ya R300, akatusifu.

Zilidumu wiki tatu.

Wasioijua Munro Drive tuwaeleze. Ni barabara inayoshuka kutoka Upper Houghton hadi Houghton ya chini, nyembamba, yenye kona kali, na kuta za mawe pembeni. Ukiwa juu unaona vitongoji vya kaskazini vyote vimefunikwa na miti, na ukiwa dereva huna nafasi ya kuviona. Ijumaa ile mama alikuwa na viazi magunia matatu. Kwenye kona ya pili alikanyaga breki, akasikia kitu kimekatika, kisha chuma kikasaga chuma na pedali ikazama karibu na sakafu. Alishusha gea mpaka ya kwanza, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza gari ukutani upande wa kushoto. Breki za nyuma za Tazz ni za ngoma na hazikuguswa na ujanja wetu. Hizo ndizo zilizomsimamisha. Mlango wa kushoto ulikwaruzika wote. Mama hakuumia. Hapakuwa na mtoto wa shule wala mwendesha baiskeli kwenye kona, na kama angekuwepo tusingekuwa tunaandika makala ya gazeti la klabu.

Gari lilivutwa hadi kwa Papa. Hakusema "niliwaambia". Alifungua gurudumu, akatoa pedi, akaziweka juu ya gazeti moja moja. Ya tatu ilikuwa chuma kitupu.

Pedi ya breki, kwa sisi tuliokuwa hatujui, ni bamba la chuma lililogandishwa juu yake mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali na vitu vingine, vyote vimeshikwa na gundi maalumu na kukandamizwa kwa joto kiwandani. Mchanganyiko huo ndio unaosugua diski. Kazi yake yote ni kugeuza mwendo kuwa joto, na mteremko mrefu wenye mzigo ni joto jingi. Gundi ikiwa duni, au ikiwa imeunguzwa na grainda, mchanganyiko unabanduka kwenye bamba kama lebo kwenye chupa. Papa alisema kwa pedi zile sababu zote mbili zilikuwepo, na hakutaka kutuchagulia ipi ituume zaidi.

Mama alizitazama kwenye gazeti. Akauliza, "Wanangu, nani aliwauzia?"

Swali dogo. Tukafungua simu. Jina la duka lilikuwa neno la Kiingereza lisilo na mtu nyuma yake. Anwani hapakuwa. Namba ya WhatsApp ilikuwepo, tukatuma picha, tiki moja, na mpaka leo ni tiki moja. Boksi lenyewe lilibeba jina la kampuni maarufu, lakini kampuni hiyo haikutuuzia kitu, na huenda iliibiwa jina lake kama sisi tulivyoibiwa R189.

Mwenzetu mwingine anasoma sheria mwaka wa pili, akaapa kwamba lazima kuna kifungu. Vipo, tena vizuri kuliko tulivyotarajia. Sheria ya Mawasiliano na Miamala ya Kielektroniki ya 2002, kifungu cha 43, inamtaka anayeuza mtandaoni aandike jina lake kamili, anwani yake halisi na simu. Asipofanya hivyo mnunuzi ana siku 14 tangu apokee mzigo za kuvunja mkataba. Kifungu cha 44 kinatoa siku 7 za kurudisha mzigo bila kueleza sababu, ukilipa gharama ya kuurudisha tu. Halafu ipo Sheria ya Kuwalinda Walaji, Na. 68 ya 2008, ambayo kifungu chake cha 56 kinampa mnunuzi miezi 6 kurudisha bidhaa mbovu na kuchagua mwenyewe: itengenezwe, ibadilishwe, au arudishiwe fedha. Miezi 6! Tulishangilia kwa muda wa dakika moja hivi, mpaka mwanasheria wetu aliposoma mstari kwa sauti ya chini. Haki hiyo haihusu bidhaa iliyobadilishwa baada ya kutoka mikononi mwa muuzaji. Grainda.

Na hata bila grainda, haki ya kumshtaki mtu inahitaji mtu. Ndiyo maana kifungu cha 43 tunakiona sasa kuwa si makaratasi. Tovuti isiyo na anwani imeshakujibu swali la mama kabla hujanunua.

Asije mwanaklabu akadhani tunahubiri kwamba kila kipuri kisichotoka kwa wakala wa Toyota ni sumu. Hapa maneno yalitusumbua, na tunaomba walimu watusaidie. Kuna kipuri "jenuini", kilichomo ndani ya boksi la kampuni ya gari. Kuna kile kilichotengenezwa na kampuni nyingine halali kwa jina lake, na hicho hatukupata neno tuliloridhika nalo, ila tunapendekeza "kipuri mbadala". Kisha kuna "feki", kinachojifanya kimojawapo kati ya hivyo viwili. Kuchanganya cha pili na cha tatu ni kosa la gharama kubwa, maana kampuni kama Denso na Bosch huyauzia viwanda vya magari vipuri na pia huviuza madukani kwa majina yao wenyewe. Mbadala mzuri ni jambo la kawaida. Tena tangu tarehe 1 Julai 2021 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ina miongozo inayomruhusu mwenye gari jipya kutengenezewa na fundi huru na kufungiwa vipuri mbadala bila dhamana yake yote kufutwa kwa sababu hiyo tu. Ila kipuri hicho kikiharibu kitu, uharibifu huo ni wako na aliyekufungia. Na kwa pedi hasa, nchi hii haiachi kila mtu auze apendavyo: pedi za kubadilishia ni miongoni mwa bidhaa zinazosimamiwa na NRCS, mamlaka ya viwango vya lazima, na zinapaswa kuidhinishwa kabla ya kuingia sokoni. Boksi letu halikupita mlango huo. Lilipita kwa mtu wa pikipiki.

Papa aliongeza onyo ambalo hatukuliuliza, kuhusu vipuri vilivyotumika vinavyotangazwa na watu binafsi. Alitaja taa za mbele za Volkswagen Polo. Miaka ya karibuni wezi wamekuwa wakizing'oa kwenye maegesho, na wenye magari waliobaki na matundu mawili usoni wananunua taa kwa bei nafuu mtandaoni bila kujiuliza zilitoka kwenye uso wa nani. Sheria ya hapa haipokei jibu la "sikujua" kirahisi. Tangu 1955 ni kosa kupokea mali ya wizi bila sababu ya maana ya kuamini kwamba muuzaji ana haki ya kuiuza. Mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika anatakiwa awe amesajiliwa na polisi na aandike alivyonunua na kwa nani; mtu wa kukutana naye kwenye kituo cha mafuta saa mbili usiku hana daftari. Polisi wenyewe wameonya mara nyingi kuhusu wanunuzi wanaoitwa mahali na kuporwa. "Na sisi wageni," Papa alisema, "wakitukamata na kitu ya wizi, nani atatusikiliza?" Hatukuwa na jibu. Wawili kati yetu tumezaliwa hapa Johannesburg, na bado alikuwa anasema kuhusu sisi.

Jumatatu alitupeleka dukani mwenyewe, sote watatu, tumebanana kwenye bakkie yake. Mzee wa kaunta hakuuliza gari linaitwaje. Aliuliza namba ya chasisi, akaipigapiga kwenye kompyuta, akaleta boksi, akatoa pedi moja na kuilaza juu ya ile ya zamani tuliyokuja nayo. Masikio yalilingana. Risiti ilikuwa na jina la duka, mtaa, simu na namba ya VAT. Mama alisema tuitunze sisi, iko nyuma ya picha ya ukumbini.

Pedi zilikuwa R380. Tulipiga hesabu tukiwa bado garini, Papa akiwa amesimama nje anawasha sigara: cha juu tulichokikimbia kilikuwa R40.