Kisu cha Wachungaji wa Aubrac

Wajukuu zangu, leo nawasimulia habari za kisu. Si kisu cha jikoni, wala si panga. Hiki hukunjwa kikaingia ndani ya mpini wake, mtu akakitia mfukoni akaenda zake malishoni. Kwao ni Laguiole, kijiji cha kusini mwa Ufaransa kwenye nyanda za juu za Aubrac, kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya ng'ombe. Mwishoni mwa Mei makundi hupandishwa kwenda kula majani mabichi, na Oktoba, kabla theluji haijaanguka, huteremshwa.

Kisu hicho kilianza kutengenezwa yapata mwaka 1829, na fundi anayetajwa sana ni Pierre-Jean Calmels. Mwanzoni kilikuwa na ubapa tu. Yapata 1840 kikaongezewa msharasi, chuma chembamba chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Lakini mchungaji aliutaka kwa jambo zito zaidi. Ng'ombe akila majani mabichi yenye umande kupita kiasi, tumbo hujaa gesi, ubavu wa kushoto ukavimba, mnyama akashindwa kupumua. Asipowahiwa, anakufa. Na huko milimani daktari wa mifugo ungemtoa wapi? Mchungaji alifunua msharasi, akamtoboa ng'ombe ubavuni palipovimba, gesi ikatoka. Kizibuo cha chupa za mvinyo kilikuja baadaye, yapata 1880, enzi ambazo watu wengi wa Aubrac walikuwa wakienda Paris kufanya kazi kwenye mikahawa.

Sasa tukitazame chenyewe. Mpini mara nyingi ni wa pembe ya ng'ombe, na sehemu inayothaminiwa kuliko zote ni ncha, maana hapo pembe haina uwazi ndani. Fundi hutafuta vipande viwili vinavyoshabihiana, kimoja kila upande, akavisugua kwa msasa na kuving'arisha mpaka mkono ukipita haukwami popote.

Lakini mimi kinachonistaajabisha zaidi ni kitu ambacho wengi hawakiangalii: springi. Ni utepe wa chuma unaopita mgongoni mwa mpini, na huo ndio unaoushika ubapa. Kwenye shina la ubapa fundi amechonga pengo dogo sana. Ukiufunua ubapa, springi inainuka kidogo, halafu inadondokea pengoni: tak! Pengo likipwaya, ubapa unachezacheza. Springi ikibana mno, kucha zako zitakatika kabla kisu hakijafunguka. Hivyo fundi anakiunganisha, anakijaribu, anakibomoa, anapitisha tupa mara moja au mbili, kisha anaunganisha tena. Anaamua kwa sikio na kidole. Kazi hiyo yote hutaiona ukikishika kisu kikiwa kizima; utaihisi tu.

Juu ya springi hiyohiyo, tupa ndogo huchonga nakshi: majani, mistari, misalaba midogo, kadiri fundi apendavyo. Inachongwa kwa mkono, kwa hiyo visu viwili vya fundi mmoja havifanani kabisa. Kichwani pake ametua nyuki. Kwenye visu bora, nyuki huyo amefuliwa katika chuma kilekile cha springi, hakuunganishwa kwa kuchomelewa.

Kuna watu watakaowaambia kuwa nyuki huyo ni zawadi ya Mfalme Napoleon kwa wanakijiji, kwa ushujaa wao vitani. Ni hadithi tamu, ila hesabuni wenyewe: Napoleon alifariki 1821, na kisu kimeanza yapata 1829. Nyuki alizoeleka mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi sioni kwamba amepungukiwa na uzuri kwa kukosa mfalme.

Kwenye mipini mingine mtaona vijipini vya chuma vilivyopangwa kama msalaba. Inasimuliwa kwamba mchungaji aliyekuwa mbali na kanisa alikichomeka kisu katika mkate, msalaba ukasimama mbele yake, akasali.

Jina Laguiole lenyewe huandikwa hata kwenye visu vinavyotoka viwandani mbali na Ufaransa, kwa hiyo msidanganywe na jina. Tazameni mgongoni: je, tupa ya mtu imepita hapo?

Na mkija kukishika, kumbukeni kuwa springi si kufuli. Ubapa unaweza kurudi ukakata vidole. Wakati wa kukifunga, usiuachie ubapa urudi kwa kishindo. Usindikize taratibu kwa mkono, kwa sababu makali yakigonga springi huko ndani yanabutuka. Na ukipewa kisu kama zawadi huko Ufaransa, mpe aliyekupa sarafu, hata ndogo kabisa, ili kihesabike kuwa umekinunua. Wanaamini kisu cha bure hukata urafiki.