Jinsi wasaka vipaji wa besiboli Marekani humpima mrushaji wa chuo kikuu

KILA Ijumaa wakati wa msimu wa besiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani, watu kadhaa huonekana wameketi nyuma ya kituo cha mpigaji, daftari magotini na kifaa cha rada mkononi. Hawashangilii wala hawazomei. Hao ni wasaka vipaji wa klabu za kulipwa, na aghalabu wamesafiri mamia ya kilomita kumtazama kijana mmoja tu: mrushaji mpira.

Uamuzi wao ni mzito. Ripoti ya kurasa chache yaweza kuifanya klabu imlipe mamilioni ya dola kijana wa miaka 21 ambaye hajacheza hata mechi moja ya kulipwa. Yaweza pia kuifanya impuuze yule ambaye baadaye ataibuka bora kuliko wenzake wote.

Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo, mita 18.4 kutoka kituo cha mpigaji. Wapenzi wa kriketi nchini Kenya wanaweza kumlinganisha na mrushaji wa mchezo huo. Hata hivyo, yule wa kriketi haruhusiwi kuukunjua mkono kwenye kiwiko anapoachilia mpira, ila kwa kiasi kidogo mno. Wa besiboli huukunja na kuufyatua mithili ya mjeledi. Humo ndimo ilimo nguvu yake, na humo ndimo ilimo hatari yake.

Jambo la kwanza linaloandikwa daftarini ni kasi. Mpira unaofikia kilomita 160 kwa saa humfikia mpigaji katika muda wa chini ya nusu sekunde. Lakini msaka vipaji mwenye uzoefu hatosheki na mpira mmoja wa kasi. Hulinganisha kasi ya mwanzo wa mechi na ile ya zamu ya saba, mkono unapokuwa umechoka.

Kisha hutazama mbinu nyingine: mpira unaopinda ghafla, na ule wa polepole unaorushwa kwa mwendo uleule wa mkono ili kumhadaa mpigaji. Kila mbinu hupewa alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ni kiwango cha wastani katika ligi kuu. Uwezo wa kuuelekeza mpira anapotaka hupewa alama zake pia.

Isitoshe, takwimu za chuoni zaweza kupotosha. Wapigaji wa vyuo hutumia magongo ya chuma ilhali wa kulipwa hutumia ya mbao. Vilevile, mrushaji tegemeo wa chuo huanza mechi mara moja kwa wiki, ilhali wa kulipwa kwa kawaida huitwa tena baada ya siku nne au tano.

Mfano unaotajwa sana ni wa Stephen Strasburg. Alipomaliza shule ya upili huko California, hakuna klabu iliyomchagua. Alikuwa mnene kupita kiasi na hakuwa na stamina. Katika chuo kikuu cha San Diego State, chini ya kocha Tony Gwynn, aliyekuwa mmoja wa wapigaji mahiri zaidi katika historia ya ligi kuu, kijana huyo alipunguza uzani na kuongeza kasi.

Mnamo Aprili 2008 aliwatoa wapigaji 23 wa chuo kikuu cha Utah katika mechi moja pasipo wao kuupiga mpira ipasavyo. Timu huhitaji kutoa wapigaji 27 kukamilisha mechi. Mwaka huohuo alikuwa mwanachuo pekee katika kikosi cha Marekani kilichoshiriki Olimpiki ya Beijing.

Klabu ya Washington Nationals, iliyokuwa na rekodi mbovu zaidi mwaka 2008, ilipata nafasi ya kwanza ya kuchagua katika drafti ya 2009, yaani zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua chipukizi kwa zamu. Ilimtwaa Strasburg na kumpa kandarasi ya dola milioni 15.1, kiasi ambacho hakuna chipukizi wa drafti aliyekuwa amelipwa hapo awali.

Alianza kwa kishindo Juni 2010, akiwatoa wapigaji 14 wa Pittsburgh Pirates kwa namna iyo hiyo. Miezi mitatu baadaye alikuwa amelala kwenye meza ya upasuaji, kano ya kiwiko chake ikiwa imekatika.

Upasuaji huo, ambao hutumia kano kutoka sehemu nyingine ya mwili kuunda upya ile iliyoharibika, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na daktari Frank Jobe kwa mrushaji Tommy John. Ndiyo maana picha za kiwiko na bega huchunguzwa kwa makini kabla ya kandarasi kutiwa saini. Lakini picha huonyesha hali ya kano ilivyo leo, si itakavyokuwa baada ya maelfu ya mirusho.

Strasburg alirejea, na mwaka 2019 akatawazwa mchezaji bora wa fainali za Nationals dhidi ya Houston Astros. Alipewa kandarasi mpya ya dola milioni 245 kwa miaka saba. Baada ya hapo alicheza mechi nane tu, majeraha yakamwandama, akastaafu 2024.

Kwa upande mwingine kuna Jacob deGrom. Katika chuo kikuu cha Stetson, Florida, alicheza nafasi ya ulinzi kwa muda mwingi na kuanza kurusha mwaka wake wa mwisho. New York Mets walimchagua 2010 katika raundi ya tisa, baada ya wengine 271. Naye alifanyiwa upasuaji huohuo mwaka huo. Hatimaye alishinda tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, 2018 na 2019.

Naye Mark Appel wa Stanford alikuwa chaguo la kwanza kabisa mwaka 2013, akalipwa dola milioni 6.35 na Astros. Majeraha na matokeo duni yalimfanya aache mchezo 2018. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: alirejea 2021, na Juni 2022, akiwa na miaka 30, alirusha mpira wake wa kwanza katika ligi kuu akiwa na Philadelphia Phillies.

Kwa sababu hiyo wasaka vipaji hufika mapema kumwona kijana akipasha misuli moto, huzungumza na makocha na wazazi, na hungoja kuona atakavyofanya baada ya kupigwa vibaya. Rada hupima mpira uliokwisha kutoka mkononi. Maswali mawili yaliyo ghali zaidi, kiwiko kitadumu miaka mingapi na kijana atafanya nini siku kitakapomsaliti, hubaki bila alama daftarini.