Maji ya Bomba Yaweza Kuharibika Nyumbani

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hata Umoja, Kayole na Dandora, ni desturi kila nyumba kuwa na madumu ya maji. Desturi hii haikuzuka bure. Mwezi wa Januari mwaka 2017, bwawa la Ndakaini lilipopungua kwa ukame, maji ya mji yalianza kugawiwa kwa zamu, na mitaa mingi ikazoea kuyapata siku chache tu za juma. Siku maji yanapofunguliwa, kila mtu hujaza chombo alicho nacho, na wengi hudhani ya kuwa taabu imekwisha. Lakini maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi yaweza kuharibika kabla ya kufika kikombeni, na anayeyanywa asitambue.

Safari ya maji

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Ndakaini, katika kaunti ya Murang'a, bwawa lililomalizika mwaka 1994. Maji hayo husafishwa katika mtambo wa Ngethu. Kwanza taka huachwa zituame, kisha maji huchujwa kwa mchanga, na mwisho hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini kidogo huachwa ndani ya maji kwa makusudi, iyalinde njiani. Shirika la Afya Duniani lashauri kiasi hicho kisipungue miligramu 0.2 katika kila lita pale maji yanapotekwa. Basi ile harufu hafifu ya dawa, ambayo watu wengine huichukia, ni dalili ya kuwa ulinzi ungaliko.

Hata hivyo klorini haidumu. Jua, tope na kukaa siku nyingi huimaliza, na ikiisha, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana.

Jinsi uchafu unavyoingia

Bomba lililojaa maji lina msukumo. Hata likiwa na tundu, maji hutoka nje wala uchafu hauingii. Lakini maji yakifungwa, bomba hubaki tupu, na lile tundu huvuta ndani chochote kilicho nje. Ikiwa bomba limepitishwa ndani ya mtaro wa maji taka, kitakachovutwa chajulikana. Hatari huzidi pale mtu anapofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kwa sababu pampu hunyonya kwa nguvu, na jirani hukosa maji na kuletewa uchafu pia. Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya zamu ya kufungwa yafaa kutengwa kwa kuosha sakafu na choo, hata yatoke meupe.

Mahali pa pili ni tangi. Nyumba nyingi za ghorofa zina tangi chini ya ardhi, pampu, na tangi jingine juu ya paa. Tangi la chini likiwa na ufa karibu na bomba la maji taka, vitu hivyo viwili hukutana. Tangi la juu lisilo na kifuniko huingiwa na ndege, panya, mende na vumbi. Chini hukusanyika tope, na kandoni utando wa utelezi; humo vijidudu hujificha, na klorini kidogo haivifikii.

Maradhi yatokanayo

Maji ya namna hiyo huleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Kipindupindu kiliwapata watu wa Nairobi mwaka 2015 na tena mwaka 2017. Homa ya matumbo ina hila yake: dalili huonekana baada ya juma moja hadi matatu, hivyo mgonjwa hulaumu chakula cha jana, na tangi lililomdhuru halitazamwi.

Kuna kijidudu kingine kisichotoka chooni. Hiki huishi katika maji ya uvuguvugu, tangu digrii 20 hadi 45, nacho huingia mapafuni kwa mvuke na matone madogo ya bomba la mvua. Mwaka 1976, katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, kiliua watu 29 waliohudhuria mkutano. Kwa sababu hiyo, maji yanayotiwa moto kwa jua au umeme yafaa kutunzwa kwa digrii 60, na yachanganywe na ya baridi ili yasiunguze. Bomba lisilotumika kwa juma zima lifunguliwe kwa dakika chache kabla ya kutumiwa.

Kusafisha tangi

Tangi lisafishwe angalau mara mbili kila mwaka. Wapangaji wapewe habari mapema. Bomba la kuingiza maji lifungwe, maji yaliyomo yatumiwe, tope litolewe, na kuta zisuguliwe kwa brashi. Mtu asiingie peke yake katika tangi la chini ya ardhi. Hewa humo yaweza kuwa mbaya, na watu wamekufa kwa njia hiyo. Lifunguliwe kwanza lipate hewa, na mwenziwe asimame juu na kamba.

Kisha tangi lijazwe, na kwa kila lita 1,000 za maji itiwe lita 1 ya dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini asilimia 5, isiyo na manukato. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa nyingine. Kila bomba la nyumba lifunguliwe hata harufu isikike, kisha lifungwe. Baada ya siku moja maji hayo yamwagwe yote, na tangi lijazwe upya. Katika muda huo mtu yeyote asiyanywe.

Kazi ya kila mtu

Kusafisha tangi na kuziba ufa ni wajibu wa mwenye nyumba. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni gharama ya hospitali. Mpangaji naye ana kazi yake. Dumu liwe na mdomo mwembamba na kifuniko, nalo lioshwe kila linapokwisha. Maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote. Nairobi iko juu, kwa hiyo maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, lakini joto hilo latosha kuua vijidudu. Asiye na makaa ya kutosha atumie dawa ya klorini ya kutia majini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na angoje nusu saa.

Maji yakitoka na harufu mbaya au rangi ya matope, au watu wa ploti moja wakiugua tumbo pamoja, habari ipelekwe upesi kwa afisa wa afya na kwa kampuni ya maji. Anayenyamaza huwaacha majirani wanywe maji yale yale.