Kupaka Rangi Meli ya Plastiki

Juma hili tuzungumzie kazi ndogo ya barazani: kuipaka rangi upya meli ya plastiki ya mtoto. Nimeziona nyingi zilizopakwa kwa bidii, na baada ya siku tatu rangi yote imebanduka. Mara nyingi tatizo si mkono, ni plastiki yenyewe.

Kata kipande kidogo chini ya meli, ukitie katika maji yenye sabuni kidogo. Kikielea, hiyo ni plastiki ya utelezi kama ya ndoo. Rangi haitashika, utapoteza pesa bure. Kikizama, na plastiki ni ngumu, hapo pana matumaini. Ioshe meli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Ikikauka, ipitishe msasa laini, kisha upake rangi ya maji, nyembamba, mara mbili au tatu. Tina usiisogeze karibu: huyeyusha plastiki ngumu.

Raha yenyewe ni kuigeuza. Mtoto wa Kigoma atataka manowari ya kigeni ya nini? Anataka Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 katika Ziwa Tanganyika, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Urefu wake ni karibu meta 70. Kama meli yako ina sentimeta 35, basi kila sentimeta moja ni meta mbili za meli ya kweli. Kwa hiyo mlango usizidi sentimeta moja. Wengi huchora milango mikubwa, na meli nzima ikaonekana kama kibanda cha sigara! Mlingoti ni kijiti cha kuchokolea meno, kamba ni uzi mweusi, bomba la moshi ni kalamu iliyokwisha wino. Halafu changanya rangi nyeusi na maji mengi, pakaza, na ufute kwa kitambaa. Weusi utabaki mifereji tu, na madirisha yataonekana yana kina.

Lipo moja nisilolifanyia mzaha. Yale makopo ya zamani ya rangi ya mafuta yaliyobaki stoo, hasa ya manjano na nyekundu, huenda yana risasi. Watengenezaji waliitia ili rangi ing'ae na kukauka upesi. Mtoto hutia chombo mdomoni, na risasi huharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwaka 2007 hata Mattel, kampuni kubwa ya Marekani, ililazimika kuwaomba wateja warudishe vitu vya watoto vilivyopakwa rangi ya namna hiyo. Risasi haionekani wala hainuki. Kopo lisiloandikwa kwamba halina risasi mimi silitumii kwa kitu cha mtoto, hata nikipewa bure.

Ukimaliza, iache kivulini siku mbili kabla ya kumkabidhi nahodha.